MR2 SW20 inachemsha na spea ni shida: nishushe injini, nihamishie V6, au kuna kitu sikioni?

InjiniNyuma:
Wakuu habari za humu. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Nina Toyota MR2 ya 1991, bodi ya SW20, injini 3S-GTE yenye tabo (turbo), gia za mkono. Ililala bandani miaka minne. Nimeiamsha, ikawaka bila kinyongo, ila siku ya tatu mpira mmoja wa maji chini ya manifoldi ukapasuka. Waliowahi kuufikia mpira ule wananielewa. Fundi alishinda siku mbili ameingiza mkono mule kama anamzalisha ng'ombe. Akaubadilisha, akajaza maji, akanikabidhi funguo.

Tangu hapo, barabara ikiwa wazi mshale wa joto unatulia katikati. Nikiingia kwenye foleni unapanda, ghafla unashuka wenyewe, halafu unapanda tena. Fundi kasema gasketi ya silinda hedi imekwenda, tushushe injini. Mwingine kasema achana na mkweche huo, weka V6 ya Toyota, 2GR-FE. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa naota tabo kubwa zaidi.

Halafu spea. Nikitaja MR2 dukani wananiangalia kama nimeulizia tairi la ndege. Natafuta pampu ya maji, oili sili, sensa ya joto na raba za milango. Nianzie wapi?

SpanaKumi:
Weka 2GR mkuu. Farasi 270 hivi bila tabo, na injini yenyewe imejaa kila mahali. Utasahau kila kitu.

BiGasketi:
Subirini kwanza. InjiniNyuma, mshale ukiwa juu, ukiwasha hita ya ndani inapuliza moto au baridi?

InjiniNyuma:
Baridi kabisa dada. Nikajua hita nayo imejifia.

BiGasketi:
Haijafa. Ina hewa badala ya maji. Usishushe injini, na usiliendeshe tena mpaka umalize hii kazi, maana hedi ni ya aluminiamu na ikipinda ndipo utakapoijua gasketi kweli.

Gari lako rejeta iko mbele, injini iko nyuma ya viti. Maji yanakwenda na kurudi kwenye mabomba marefu ya chuma chini ya tumbo, na mfuniko wa kujazia uko nyuma kwa injini. Fundi akijaza kama anavyojaza gari la kawaida, hewa inabaki imejificha mbele, juu ya rejeta na kwenye hita. Sensa inapigwa na mvuke, kisha na maji, kisha na mvuke. Ndiyo maana mshale wako unacheza ngoma.

Toyota waliweka koki za kutolea hewa sehemu hizo mbili, kwenye rejeta na kwenye hita. Weka gari kwenye usawa, hita kwenye moto wa mwisho. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye kila koki, ncha zake uzifunge juu kuliko mfuniko wa kujazia. Fungua koki, jaza kulanti (maji ya kupozea injini) polepole. Nasema polepole. Maji kwenye mipira yakisimama usawa mmoja na mdomo wa kujazia, bila povu, funga koki, washa, acha injini ipate moto mpaka feni iwake. Zima, ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko uongeze. Rudia.

Ukiwa chini, kwangua matope kwenye yale mabomba uone kutu. Miaka zaidi ya 30 si mchezo kwa chuma, na bomba lililooza halijali gasketi mpya.

Gasketi unaweza kuihukumu bila kufungua nati moja ya hedi. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, halafu tumia kile kipimo cha maji ya bluu mdomoni pa kujazia: gesi ya moshi ikiwa imeingia kwenye kulanti, bluu inageuka njano. Fundi aliyekuambia ushushe injini alipima nini?

InjiniNyuma:
Alisikiliza tu.

BiGasketi:
😂 Haya.

MzeeWaNamba:
Kijana, kosa lako dukani ni kutaja jina la gari. Injini yako si ya MR2 peke yake. 3S-GTE ilikaa pia kwenye Celica GT-Four na baadaye Caldina za tabo, na ndugu yake 3S-FE yumo kwenye RAV4, Carina na Camry za miaka ile. Vitu vingi vya ukoo huo vinaingiliana, vingine vinafanana kwa macho tu na vitakuliza. Kwa hiyo namba ndiyo inayoamua.

Tumia namba ya chasi kwenye katalogi upate namba ya spea, tarakimu tano, kistari, tano. Tano za mwanzo zinataja aina ya kitu: 90311 ni oili sili, 16100 ni pampu ya maji. Dukani peleka namba, gari usilitaje hata ukiulizwa. Oili sili ni rahisi zaidi: pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, muuza beringi atakupa.

Kinachoadimika kweli ni vile vya bodi: raba, taa, vifuniko vya plastiki. Hivyo havina ndugu. Toyota walianza 2020 kutengeneza upya baadhi ya spea za Supra A70 na A80, lakini wewe tafuta gari la kuchinja, la kutolewa spea. Raba ulizonazo zipake grisi ya silikoni zisizidi kukauka. Petroli au dizeli usizisogeze hapo, nimeona watu wakisafishia.

FundiRedio:
Naongezea kimoja. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari hilo iko kwenye buti ya nyuma, ukutani nyuma ya kapeti. Ifungue uchungulie kapasita. Za umri ule huvuja, na kile kimiminika kinakula njia za shaba kwenye bodi. Ukifungua ukasikia harufu ya samaki aliyelala, ndiyo hiyo. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweka mpya zinazostahimili joto la nyuzi 105 kwa kazi ya mchana mmoja. Ukichelewa utatafuta boksi zima.

InjiniNyuma:
Asanteni sana. Na tabo je? Nisiote?

BoostiKidogo:
Ota, ila kwa mpangilio. Boksi lako linakata mafuta presha ya tabo ikikaribia baa 0.8. Watu wanaweka kidude cha kumdanganya sensa, wanapandisha presha, nozeli zako za mafuta za sisi 440 zinaishiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, mafuta kidogo), pistoni inatoboka. Nimeishika mkononi hiyo pistoni.

Toleo la tatu la 3S-GTE lina tabo ya CT20b, nozeli za 540, halina ile mita ya hewa ya kibao inayobana njia, na lilitoka na farasi 245 dhidi ya 225 za kwako. Lipate kamili na waya zake na boksi lake. Linakaa palepale, maunti hazibadiliki kama kwenye V6.

Lakini tairi kwanza! Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Uzito wa gari hilo uko nyuma. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona na tairi gumu, nyuma inakuja mbele kukusalimia.

SpanaKumi:
Bado nasema V6.

BoostiKidogo:
Sawa, nani atamchomelea ekzosi na kumuunganishia waya? Wewe?

SpanaKumi:
Mimi nashauri tu mkuu 😅

InjiniNyuma:
Wakuu, mrejesho. Kazi ya hewa ilichukua asubuhi nzima, povu lilikuwa halikatiki. Hita sasa inachoma. Nimekaa kwenye foleni dakika arobaini, mshale haukutikisika. Kipimo kimebaki bluu, na mgandamizo ni kilo 11.0, 11.2, 10.9 na 11.1 kwa sentimita ya mraba. Bomba moja lina kutu ya kutisha, nimemwita fundi chuma. Kwenye boksi kapasita mbili zilishavuja, na harufu ni ileile aliyosema FundiRedio. Tairi ni za 2009. Zimeshatoka.

Pampu nimeipata kwa namba, muuzaji hakujua ni ya gari gani. Imebaki raba ya mlango wa kushoto. Mwenye nayo, hata iliyotumika, aniandikie kwanza namba iliyopigwa mhuri.