Uwakilishi wadi Kisauni 2027: kati ya hawa watatu, nani ana la maana kuhusu maji?

Mkaazi_Kisauni
Assalam aleikum ndugu zangu. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na wagombea watatu wameshapita mtaani kwetu hapa Kisauni, Mombasa. Siwataji majina, nataka tupime hoja tu. Wa kwanza aahidi kisima kila mtaa. Wa pili, aliyeko kwenye bunge la kaunti tangu 2022, atwambia tungoje bwawa la Mwache. Wa tatu hana mradi; asema ataibana kampuni ya maji ya kaunti juu ya zamu za maji na mabomba yanayovuja. Mimi naelemea kwa wa kwanza, maana kisima nitakiona kwa macho. Mwaonaje?

Fundi_Pampu
Kisima utakiona, lakini maji yake je? Chini yetu ni mwamba wa matumbawe. Ukivuta maji mengi karibu na bahari, chumvi yapanda. Na mwamba wenyewe una matundu, kwa hivyo uchafu wa vyoo vya shimo hufika kisimani upesi. Mtaani kwetu hakuna bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake. Maji hayo ni ya kufulia na kudekia, si ya kumpa mtoto. Muulize pia nani atalipa stima ya pampu, mwezi baada ya mwezi.

Bi_Mtopanga
Fundi asema kweli. Na huyu wa Mwache naye tusimwache apite hivi hivi. Bwawa liko Kwale, ni mradi wa serikali kuu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwakilishi wadi hana mkono pale.

Mombasa maji yake yote makubwa yatoka nje: chemchemi ya Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi huko Kwale. Ya Mzima hushuka yenyewe kwa mteremko, ya Baricho husukumwa na pampu hadi matangi ya Nguu Tatu. Stima ikikatika Baricho, mifereji ya Kisauni yakauka. Sasa hata Mwache ikamilike kesho, maji yatapita kwenye mabomba haya haya yaliyooza. Kwa nini hasemi lolote juu ya mabomba?

Karani_Mvita
Tutazame kazi yenyewe. Katiba ya 2010, jedwali la nne, yaipa kaunti huduma za maji na usafi. Mwakilishi wadi hatekelezi miradi. Hutunga sheria, hupitisha bajeti na huisimamia serikali ya kaunti. Kwa hivyo wa tatu peke yake ndiye aliyezungumzia kazi anayoiomba.

Mama_Mitungi
Karani, heshima yako, lakini mimi nanunua maji ya mkokoteni kila siku, na bei yapanda mifereji ikikauka. "Nitaibana kampuni" hata huyu wa sasa aliyasema. Kisima cha chumvi angalau chaniondolea gharama ya maji ya kufulia na ya chooni, pesa ibaki ya maji ya kunywa. Msikidharau.

Karani_Mvita
Sikidharau, mamangu. Basi wa kwanza aseme kitachimbwa wapi, mbali na vyoo kiasi gani, na maji yatapimwa na nani. Wa tatu naye atoke kwenye maneno ya jumla. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Atuambie atadai fungu gani, la bomba la mtaa upi.

Mkaazi_Kisauni
Mama_Mitungi kanigusa, lakini la chumvi na vyoo limenitia wasiwasi; kwa sasa sijaamua. Huyu wa pili nitamuuliza jambo moja: tangu 2022, ni hoja ngapi za maji amezileta bungeni? Taarifa rasmi za vikao zipo. Karani, waweza kunisaidia kuzitafuta kabla hajarudi mtaani?

Karani_Mvita
Naam. Nitumie jina la wadi faraghani, nianze na vikao vya bajeti.