Nimeambiwa nisomee ualimu wa kuogelea nikiwa na miaka 34. Kuna riziki huko?

Mkate_wa_Kumimina:

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi mzaliwa wa Tanga, nipo Coventry mwaka wa tisa sasa. Napika kwenye shule ya chekechea, saa ishirini kwa wiki. Jumapili naenda bwawani, kile kipindi cha wanawake peke yao, na juzi meneja wa pale akaniita pembeni. Akaniambia wana kinamama wengi wa Kisomali, Wakongo na Waswahili wanaojiandikisha darasa la wasiojua kabisa. Wanalipa, wanakuja mara moja, hawarudi. Anatafuta mtu wa lugha zao. Wapo tayari kunilipia kozi ya ngazi ya kwanza, ile ya msaidizi wa mwalimu.

Nimechanganyikiwa. Naogelea, ndiyo, lakini mita 25 tu, kwa mtindo wa chura, kichwa juu kama bata. Mama nilipomwambia kwa simu akanijibu, "Umekwenda Ulaya kuwa samaki?" Nataka kujua kwa aliyeifanya: inalipa? Umri haujanipita? Na hao kinamama, kwa nini hawarudi? Naogopa nitasomeshwa halafu na kwangu wasirudi.

Mzee_wa_Jahazi:

Dada, baki na sufuria zako. Kazi hiyo ni ya watoto wa chuo wanaotafuta hela ya nauli. Halafu sisi watu wa pwani nani wa kutufundisha maji? Bahari ndiyo mwalimu wetu.

Bi_Chali:

Waalaykum salaam mwanangu. Huyo mzee wa jahazi nitamrudia.

Mimi wa Mombasa, Kibokoni, na nafundisha kuogelea hapa Birmingham tangu 2007. Nilipoanza nilikuwa na miaka 33, kwa hiyo la umri lifute kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia vyumba vya kubadilishia nguo kwenye bwawa hilohilo. Siku moja mwalimu mmoja mwanamke, Mjamaika, akanikuta nimeegemea fagio natazama watoto, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamdanganya kwamba najua. Akaniambia basi Alhamisi uingie. Niliingia, nikanywa maji ya klorini yakanitosha mwaka, na yeye ndiye aliyenitoa. Hakunitangaza kwa mtu.

Sasa nije kwa mzee. Ami, kaka yangu wa tumbo moja alikuwa akijitupa baharini kutoka ukuta wa Bandari ya Kale tangu ana miaka saba. Mimi nilikuwa namshikia nguo. Ndivyo bahari ilivyotufundisha: wavulana wanaruka, wasichana wanashika nguo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka, watu 272 walikufa, nao walikuwa mita chache tu kutoka nchi kavu. Nilikuwa na miaka ishirini, na mtaani kwetu kulikuwa na matanga mawili kwa wakati mmoja. Watu wa pwani mle ndani hawakukosekana. Kwa hiyo hilo la bahari kuwa mwalimu nisamehe, silikubali.

Riziki. Mimi sasa hivi napata pauni 16 kwa saa, na hiyo ni baada ya miaka yote hii na cheti cha ngazi ya pili. Ukiwa msaidizi utapata chini ya hapo. Tatizo si bei ya saa, tatizo ni saa zenyewe, zinakuja vipandevipande. Asubuhi una darasa la shule, kwa muda wa saa mbili hivi, halafu mchana wote umekaa, halafu saa kumi jioni mpaka saa moja usiku, na Jumamosi asubuhi. Agosti shule zimefungwa. Ramadhani darasa la kinamama linakufa lote na hulipwi. Usiache upishi mwaka wa kwanza. Mimi sikuacha fagio mpaka mwaka wa tatu. Na nunua mafuta ya nazi ya kutosha, maana hiyo klorini itakuparuza mpaka magoti yawe kama ya mtu aliyetambaa kwenye chokaa.

Ila ukifika ngazi ya pili darasa linakuwa lako, unaliendesha mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi.

Kwa nini hawarudi? Kwa sababu meneja wako anadhani darasa linaanzia majini. Mama amefika na burkini, lile vazi la kuogelea la kufunika mwili wote, ndani ya mfuko wa plastiki, hajui hata kama inaruhusiwa. Anaona ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo wapo wanaume wananywa kahawa. Anaona mlinzi wa bwawa, yule wa kuokoa wanaozama, ni kijana wa kiume wa miaka ishirini. Mwalimu anamwambia kwa Kiingereza "ingia, usiogope". Ataingia, kwa sababu ana adabu na ameshalipa. Atatabasamu. Wiki ijayo humuoni.

Mimi siku ya kwanza siingizi mtu. Nawakalisha kwenye benchi pembeni ya bwawa, miguu majini, tunazungumza. Nawauliza swali moja tu: nani kwenu alizama? Hakuna benchi ambalo sijapata jibu. Ziwa Tanganyika, Mto Juba, Rasini kule Lamu, mtumbwi, kisima. Mmoja aliniambia mwanawe alivuka Mediterania akafika, na mpaka leo hajamwambia mama yake aliona nini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "usiogope" umemtukana.

Nikupe kosa langu moja, ulijue. Alikuwapo mama wa Uvira, Kongo, mtu mzima, mpole. Alikaa benchini Jumapili tatu mfululizo. Ya nne akaingia, maji ya kifuani, kaishika ngazi mpaka vidole vimegeuka rangi. Nikamlaza chali. Mkono wangu mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya mgongo. Akaniambia, "Hauniachi?" Nikamwambia sikuachii. Basi akalegea, masikio yakaingia majini, tumbo likapanda, nikaona anaelea kabisa, mikono yangu haina kazi. Nikaitoa. Kozi nzima inakufundisha hivyo, kwamba mwanafunzi akielea mwachie, ajue anaweza. Alielea labda sekunde sita. Halafu akaniona mikono yangu yote miwili iko juu ya maji.

Hakupiga kelele. Alisimama, akatoka, akachukua taulo. Miezi miwili. Aliporudi alikuja na binti yake, akanisimamisha mlangoni kabla hata ya salamu: "Mwalimu, ukisema hauniachi, usiniache." Tangu siku hiyo nasema, "Nitahesabu mpaka tatu, halafu natoa mkono." Nikisema mbili natoa mbili, nikisema tatu natoa tatu. Inachukua wiki nyingi zaidi kuliko kwenye kitabu, na bosi wangu wa zamani alinilalamikia sana kuhusu hizo wiki.

Jambo jingine ambalo kwenye kozi hulipati: dera. Burkini ni kitambaa chepesi, kinapitisha maji. Lakini hakuna mwanamke wetu atakayeanguka kwenye mfereji akiwa amevaa burkini, ataanguka na dera, na buibui juu, na soksi. Nikaomba ruhusa, nikaleta dera langu safi, nikaingia nalo mbele yao. Kwanza linajaa hewa, linavimba kama mwavuli, wote wanacheka. Baada ya sekunde chache hewa inatoka na kitambaa kinakuzunguka miguuni kama mtoto anayekung'ang'ania usiende sokoni. Ukipiga teke ndivyo linavyozidi kukaza. Nawaonyesha: acha miguu, lala chali, tandaza mikono, pumua. Baadaye wanajaribu wenyewe na madera yao kwenye maji mafupi. Somo hilo hakuna anayelikosa.

Mlinzi wa bwawa. Kuna bwawa moja nililofundisha zamani, kipindi cha wanawake, madirisha tumeyafunika kwa mapazia, kila kitu sawa. Katikati ya somo mlango ukafunguliwa, mlinzi mwanamume akaingia kubadilishana zamu, maana mwandika zamu kasahau. Wanawake kumi na wanane ndani ya maji, wengine vichwa wazi. Nililipoteza darasa zima kwa mlango mmoja. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote mwambie meneja akuonyeshe zamu kwa maandishi, na jina la mwanamke wa akiba akiumwa yule wa kwanza. Ikiwezekana usomee na ulinzi wewe mwenyewe, wanawake ni wachache mno. Mtihani wake si mchezo: mita 50 chini ya sekunde 60, kabla hujaendelea na mengine. Mimi mara ya kwanza nilitumia sekunde 64. Nikafanya mazoezi majira yote ya baridi kwa ajili ya sekunde nne. Na cheti chenyewe kinaisha baada ya miaka miwili, unarudia.

Nywele nazo zinawazuia wengi, na hilo si letu sisi tu. Ile kofia kubwa ya kusuka na ya rasta, Soul Cap, shirikisho la kimataifa la kuogelea liliikataa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, likaja kuikubali 2022. Mwaka huohuo wa kukataliwa ndio Alice Dearing, mtoto wa hukuhuku West Midlands, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiogelea Uingereza kwenye Olimpiki. Picha yake ninayo kwenye simu, nawaonyesha wasichana. Takwimu za Sport England, taasisi ya michezo ya hapa, zilisema watu wazima weusi 95 katika 100 hapa England hawaogelei. Utawakuta wote benchini.

Baba_wa_Watatu:

Mwalimu shikamoo. Mimi niko mtu wa Goma, niko Nottingham. Kwetu mtoto anakatazwa kabisa kukaribia ziwa, kuna mazuku pembeni, ile hewa inaua bila harufu. Sasa wanangu wanapita kando ya mfereji kila siku wakienda shule. Yule wa miaka tisa, shule ilimpeleka bwawani muhula moja, na bado hawezi kuingiza uso ndani ya maji. Na mimi mwenyewe sijui. Wababa munatusaidiaje?

Bi_Chali:

Marahaba baba.

Shule za hapa zinatakiwa mtoto akimaliza darasa la sita awe anaweza mita 25 na kujiokoa. Muhula mmoja haumfikishi mtoto ambaye nyumbani ameambiwa maji ni mauti. Uso aanze kuutia kwenye beseni, nyumbani, wewe ukiwa mbele yake na beseni lako. Apulize mapovu kama anapoza chai. Ukicheka na yeye anacheka. Mtoto wako haogopi maji, anakuogopea wewe, nimewaona mia.

Wewe tafuta darasa la watu wazima, yapo, na wengi humo ni wanaume wenye aibu kama yako.

La mfereji liseme kwao leo, usingoje darasa. Maji ya huku ni baridi hata Julai. Mtu akitumbukia pumzi inakatika, anahema ovyo, na hapo ndipo anapoyavuta maji mapafuni. Asianze kuogelea. Alale chali, masikio ndani, akae hivyo dakika moja, dakika moja na nusu, pumzi itarudi. Ndipo apige kelele au asogee ukingoni. Na akimwona mwenzake ametumbukia asimfuate. Apige 999, kwenye mfereji au ziwa aombe zimamoto, baharini aombe walinzi wa pwani. Wewe mzazi lala kifudifudi ukingoni, umpe kitu ashike. Wanawake zangu nawafundisha kufunga doti ya kanga: vipande viwili, fundo katikati, unapata kama mita mbili na nusu. Kitenge kinafaa zaidi, ni kirefu.

Na anayezama hapigi makelele kama kwenye sinema. Ukiona mtoto yupo wima, kichwa nyuma, mdomo usawa wa maji, hajibu ukimwita, nenda.

Mzee_wa_Jahazi:

Bi mkubwa nimekusikia. Hilo la Mtongwe lilinitoka. Shemeji yangu alikuwemo.

Bi_Chali:

Pole sana ami. Mungu amrehemu.

Mkate_wa_Kumimina:

Shikamoo Bi, na ahsante, nimeyasoma mara mbili. Jana nimemwomba meneja ratiba ya zamu kwa maandishi. Alinitazama kama nimemuomba hati ya nyumba, lakini kaniletea. Jumapili kuna mlinzi mwanamke, wa akiba hayupo. Nimemwambia tutaanza akipatikana.

Mama nimemwelezea habari ya dera. Akanyamaza, halafu akauliza na yeye akija kiangazi anaweza kukaa hapo benchini.

Swali la mwisho: dera la kufundishia niwe na la kitambaa gani?

Bi_Chali:

La zamani, jepesi, ulilokwisha kulifua mpaka limelegea. Lisiwe na nakshi za shanga kifuani, zinachubua kwapa ukiwa majini. Na ukitoka usiliweke ndani ya begi bila kulisuuza, klorini italimaliza kwa wiki tatu. Mimi nipo na la nane sasa.