Miji miwili midogo, tuhamie upi?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Tunahama na watoto wawili na tumebakiwa na miji miwili midogo. Wa kwanza mume wangu kashapata kazi na shule ipo jirani, ila hospitali kubwa ni mwendo wa saa mbili, na mtoto wetu mdogo, wa miaka minne, ana pumu. Nimeshakesha naye kitandani nikihesabu pumzi. Sitaki kuhesabu na kilomita. Wa pili hospitali ipo karibu, lakini maji ni ya mgao na kazi tutaitafutia hukohuko. Mume anasema kazi kwanza. (Anayekesha si yeye.) Mliowahi kuhama na mtoto mwenye pumu, mliangalia nini kwanza? Na kupanga miezi mitatu ya majaribio kunasaidia, au ni kuwahamisha watoto mara mbili?