Angalizo la TMA limepaka Dar nzima njano: nitajuaje kama maji yatafika Kigogo?

Binti_wa_Kigogo: Wakuu, salaam. Mama yangu anaishi Kigogo bondeni, karibu na Mto Msimbazi. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametoa angalizo la mvua kubwa, na ramani ni njano mkoa mzima: Mbezi njano, Kigamboni njano. Mimi niko Dodoma. Nimhamishe? Yeye anasema huko kwake hata wingu hakuna.

Mpima_Mitaro: Dada, pole. Wingu la Kigogo lisimdanganye mama. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka kama kilomita 35 hadi baharini. Mvua ikipiga Pugu usiku, Kigogo na Jangwani wanaamkia maji hata kama kwao halijadondoka tone. Ukifungua ramani, anza kutazama huko juu mto unakotoka.

Njano ni ya mkoa mzima kwa sababu utabiri huo hutolewa siku kadhaa kabla. TMA wanapima uwezekano wa mvua hiyo kunyesha pamoja na ukubwa wa athari zake, ndipo wanapata rangi. Siku yenyewe ikifika, rada na setilaiti ndizo zinazoonyesha mvua iko wapi.

Lakini rada haijui mtaro gani umeziba, na mafuriko ya Dar ni habari ya mitaro. Nilikuwa Ramani Huria 2015, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, wanafunzi wa vyuo pamoja na vijana wa mitaa. Tandale tulipita uchochoro kwa uchochoro na simu zenye GPS na futi ya kupimia: mtaro upana gani, kina gani, umeziba au unapitisha. Kisha tunamuuliza mwenyeji, mafuriko ya 2011 maji yalifika wapi? Bibi mmoja hakutaja mita, aliweka kiganja ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Tukapima hapo hapo. Kazi ile naipenda mpaka leo. Nyumba na mitaro tuliyochora iko OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, bure. Tafuta kwa mama uone mto uko umbali gani.

Mvuvi_Kilindoni: Naunga mkono. Kimbunga Hidaya kilipokuja kwetu Mafia, Mei 2024, tulifuatilia njia yake kwenye simu na mashua tukazipandisha mapema. Ila wazee wengi hawana simu janja. Wao waliokolewa na redio na kipaza sauti cha msikiti. Dada, usimtumie mama picha ya ramani. Mpigie.

Binti_wa_Kigogo: Asanteni sana. Nimempigia, amekubali kwenda kwa mdogo wake Tabata. Anasema ataondoka mvua ikianza.

Mpima_Mitaro: Hapana dada, aende leo. Tazama ramani: Tabata iko ng'ambo ya Msimbazi. Mto ukishafurika hatakuwa na pa kuvukia. Na vyeti vyake abebe.