Ipsum haipandi mlima wa Kapchorwa: nikate masega, ninunue mengine, au shida iko kwingine?

MwanaMbale
Wakuu, habari zenu. Nina Toyota Ipsum ya 1998, injini 3S-FE, gia otomatiki. Tambarare ya Tororo haina neno. Nikianza kupanda kwenda Kapchorwa, kabla hata sijafika Sipi, imekufa. Nakanyaga mafuta hadi kwenye kapeti, injini inaguna tu, kasi 40, halafu 35. Juzi boda iliyobeba mikungu mitatu ya matoke ilinipita, na abiria wangu wakacheka. Nikisimama dakika kumi ikapoa, inaamka kidogo, kisha yale yale. Moshi si mwingi, ila harufu ya mayai viza ipo, na usiku nilipoinama nikaona bomba karibu na injini limewaka jekundu kama mkaa.

Fundi wa kwanza: tukate masega (kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki, ndani ya bomba la moshi) tuweke bomba tupu, kazi bure. Wa pili: nenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ukanunue yaliyotumika. Wa tatu anasema ni pampu ya mafuta. Nimsikilize nani?

KataTu
Kata, ndugu. Mimi yangu niliyatoa miaka minne iliyopita na gari linavuta vizuri. Masega ni mambo ya Wajapani na ukaguzi wao.

Spana22
MwanaMbale, usikate kitu bado. Harufu hiyo na bomba jekundu vinaelekeza kwenye masega kweli, lakini masega hayazibi yenyewe tu. Kuna kitu kinayaua. Mara nyingi ni injini inayomisi: petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba, inaungulia ndani ya masega, yanayeyuka na kuziba. Au injini inakula oili. Ukifunga mengine bila kumtafuta muuaji, baada ya muda utarudi hapa hapa na swali lile lile.

Pima hivi. Gari likiwa limepoa, chukua spana namba 22, fungua na utoe sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi kabla ya masega, halafu panda kipande kifupi cha mlima. Litapiga kelele kama trekta na taa ya injini inaweza kuwaka, usiogope, ila waya za sensa zifunge mbali na moto. Moshi sasa una pa kutokea. Gari likivuta, umepata jibu bila kununua chochote.

Mwenye geji ya presha aifunge kwenye tundu hilo hilo. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, isizidi PSI 1.5 hivi. Ipandishe hadi mizunguko 2,500: ikifika 3 na kupita, njia imeziba.

MwanaMbale
Fundi mmoja alipima na geji ya vakyumu, ile ya kupima injini inavyofyonza hewa, akapata inchi 15, akasema injini imechoka kwa sababu kitabu kinataka 17 hadi 22. Hilo nalo likoje?

Spana22
Kitabu hicho kiliandikwa kwa mtu wa pwani! Kila ukipanda mita 300 hivi, geji inashuka inchi moja. Sisi wa Kampala tuko karibu mita 1,200, na nyinyi wa Mbale hamko mbali na hapo, kwa hiyo toa inchi nne kwenye namba za kitabu. 15 yako ni nzima kabisa. Injini ngapi zimefunguliwa Uganda kwa kosa hili, Mungu ndiye anajua. Cha kutazama ni kingine: shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukipanda halafu ukaanza kushuka polepole, polepole, bila wewe kugusa mafuta, hapo moshi unarudi nyuma.

Na mlima wenyewe unakula nguvu. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hiyo usitegemee Ipsum ipande Kapchorwa kama inavyokimbia Tororo. Lakini 35? Hapana, huo ni ugonjwa.

DerevaWaArua
Nimtetee huyo fundi wa tatu. Noah yangu ilikuwa hivyo hivyo, na ilikuwa pampu. Tofauti niliyoiona: pampu ikichoka gari linashtuka-shtuka, linakata na kurudi, ukilegeza mguu linapata nafuu. Bomba likiziba gari halishtuki, linakabwa tu taratibu kama mtu aliyezibwa pua. Hata ukiipiga resi ikiwa niutro haipandi juu. Yako inafanyaje? Kwa 3S-FE presha ya mafuta iwe PSI 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umetolewa. Ipime injini ikiwa moto, pampu mbovu inadanganya ikiwa baridi.

MwanaMbale
Haishtuki. Inakabwa. Niutro haivuki 3,000.

HiaceYaMzee
Na mimi mwenye dizeli, moshi mweusi mlimani na nguvu hakuna, nifungue sensa gani?

Spana22
Mzee wangu, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, vumbi la maramu linaiziba haraka, kisha nozeli zinazopuliza dizeli. Kama ina tabo, angalia mipira yake, ikipasuka utasikia inapuliza. Ukifungua uzi wako tutakuja huko.

KataTu
Sawa, amepima, yameziba. Si tumerudi kwenye kukata?

Spana22
Tulinganishe basi. Kukata ni rahisi na nguvu inarudi, sikatai. Lakini wa nyuma yako mjini anavuta sumu yako, ndani ya gari harufu inaingia, na gari lenye sensa ya pili litawasha taa ya injini daima. Na jiulize kwa nini fundi anakata bure. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa chuma chakavu wanayatafuta kwa hamu. Ukiamua kukata, ondoka nayo chini ya mkono wako.

Ya Kisekka ni bahati nasibu. Yaangalie kwa tochi uone mwanga upande wa pili, gonga kwa nyundo ya mpira. Yakichakacha ndani, rudisha. Mapya ya kuchomelea yapo, lakini ya bei ya chini sana huwa yamepakwa madini kiduchu na hayadumu. Zile dawa za kumimina kwenye tangi hazifungui kilichoyeyuka. Mimi ningetafuta mapya ya kati, baada ya kumkamata muuaji.

MwanaMbale
Nimerudi. Jumamosi tulifungua sensa, kelele iliamsha mtaa mzima, lakini Ipsum ilipanda kama mbuzi. Masega tuliyatoa: nusu ya matundu yamekuwa kidonge kimoja cheusi kama kioo.

Muuaji tumempata usiku. Fundi alinyunyiza maji kidogo juu ya waya za plagi, injini inanguruma, taa zote zimezimwa. Waya wa silinda ya tatu ulikuwa unarusha cheche za buluu kwenye chuma kama radi ndogo. Plagi yake imelowa petroli. Waya zote nne nimebadilisha pamoja na plagi. Fundi wa kwanza alipita akauliza kama ile takataka ya zamani naitupa, nikamwambia imelala chini ya kitanda changu.

Sasa natafuta masega mapya. Mwenye kujua duka la kuaminika upande huu wa Mbale au Tororo anitumie ujumbe wa ndani.