Klabu yetu imegeuzwa banda la mpira, na sie wanachama tunadaiwa kiingilio

Wadau, salamu. Leo nimekuja na hasira zangu, atakayekereka anisamehe.

Mie mkaazi wa huku Mwanakwerekwe, Unguja, si mbali na soko. Tuna klabu yetu, jina silitaji, lakini katibu wake humu anapita na atajijua. Nyumba ya matofali, bati juu, baraza refu mbele. Asubuhi wazee wanacheza bao, alasiri kina mama wanajifunza kuimba, na Jumatatu na Jumatano baada ya sala ya isha ni mazoezi ya taarab. Hatuna makuu: udi mmoja, fidla mbili, akordiani inayovuja pumzi, ngoma ya dumbak, na ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya kupakata, aliyotununulia marehemu mzee wetu mmoja kwa pesa zake za karafuu. Ada elfu mbili kwa mwezi. Mie natoa tangu 2009 na risiti ninazo zote kwenye kopo la biskuti.

Ramadhani ilipoandama tukafunga ala kama ada. Mwezi mzima hakuna anayegusa uzi. Baada ya tarawehe ni dhumna na keram tu barazani, kahawa na kashata, mpaka watu watawanyike kwenda kula daku. Tukakubaliana sikukuu ya pili tupige, mtaa uchangamke kidogo. Sikukuu mosi jioni nakwenda nipanguse vumbi, nakuta kufuli jipya. Nagonga. Anatoka kijana hata simjui: "Mzee, mpira saa tatu, kiingilio elfu moja."

Elfu moja! Nyumba niliyoikandikia saruji kwa mikono yangu!

Kumbe mfungo ule ule tuliotulia sie, katibu kakaa na mtu mwenye televisheni kubwa, kamkodishia klabu mwaka mzima. Mkutano haukuitwa. Nilipomfuata akanijibu huku anacheka, eti klabu ina deni la umeme. Deni gani, ndugu zangu? Umeme wetu ni wa tukuza, unalipa kabla ya kutumia! Yuniti zikimaliza mnakaa kiza, hakuna wa kukukopesha. Hata uongo wenyewe kashindwa kuupanga.

Ganuni nimeikuta jikoni, imeegemezwa kwenye dumu la mafuta ya kukaangia chipsi. Wanaoijua ala hii watanielewa. Nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, kuipatanisha peke yake kunakula nusu ya usiku. Ile ngozi ya samaki inayobeba daraja imepasuka, na nyuzi zimelegea. Nilikaa pale nimeishika, kijana ananiuliza kama nauza.

Najua watakuja wa kusema vijana wanataka mpira, taarab ni ya wazee. Mie mpira naupenda, tena sana, na hilo banda lingekuwa Jumamosi na Jumapili mie ningekuwa wa kwanza kukaa mbele. Lakini pale sasa ni asubuhi mpaka usiku, vijana na mikeka yao, sigara, matusi. Wazee wa bao wamehamia chini ya mwembe, ikinyesha wanakwenda kwao. Kina mama ndio basi tena. Mmoja kaja na daftari lake la nyimbo, kachungulia mlangoni, kajifunika kanga kageuza. Na bibi zetu walikuwa na vyama vyao wenyewe, Sahib el-Ari, Nuru el-Uyun, wakirushiana maneno kwa nyimbo mji mzima ukasikiliza. Leo wajukuu zao hawana pa kukaa saa mbili za alasiri.

Mwengine kaniambia, "Ukitaka taarab nenda Mjini, klabu ya Culture wapo Vuga." Naam, wapo tangu 1958, na wenzao wa taarab Akhwani Safaa wapo tangu 1905, Mungu awaweke. Kurudi je? Daladala usiku zimeshalala, boda anakukamua atakavyo. Halafu nani kasema muziki huu ni wa Mjini peke yake? Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu mkubwa wa taarab, katoka shamba, Fumba, mtoto wa wafinyanzi, akaja kuimba Ng'ambo, na 1928 akenda Bombay kurikodi. Fumba yenyewe si mbali na sie.

Sitaki maneno mengi ya kunipoza. Jumapili hii baada ya laasiri tunakutana kwa sheha. Kila mwanachama aje na risiti zake, hata zilizoliwa na mende. Daftari la asili la wanachama ninalo mie, katibu hilo hakulijua.

Na wewe katibu, ukija, njoo na ganuni yetu. Uipakate mwenyewe, usije ukaitupa juu ya gari la ng'ombe.