Kamera ya kurekodi safari za milimani, bajeti laki tano, nichukue ipi?

Mzururaji_Moro
Wakuu habari za saa hizi. Mimi na wenzangu huku Moro tuna kikundi chetu cha kupanda milima wikendi, sana sana Morningside na Choma, mara moja moja tunapandisha mpaka Bondwa, na mwezi ujao tunaenda Udzungwa kucheki maporomoko ya Sanje. Sasa nataka nianze kurekodi video za maana niweke Yutubu, simu yangu ya kawaida tu, nikitembea huku narekodi picha inaruka ruka mpaka anayeangalia anasikia kichefuchefu. Bajeti laki tano, nikijikamua sana laki tano na nusu, na humo humo kuna memori kadi na kila kitu. Nimeona vitu viwili: kuna jamaa anauza GoPro Hero 7 ya mtumba laki tatu na nusu, halafu kuna duka Kariakoo wana kamera mpya kwenye boksi, jina lake sijawahi kulisikia, imeandikwa 4K (ile video ya picha kali sana) kubwa kabisa, inakuja na mavifaa kibao hadi ya kufunga kwenye baiskeli, laki moja na ishirini tu. Roho inanivutia hii mpya nibaki na chenji. Au nitafute zile handikamu zenye zumu? Mnishauri kabla hela haijapata shughuli nyingine.

FundiLenzi
Hiyo ya laki na ishirini achana nayo mkuu. 4K ya kwenye maboksi ya bei hiyo mara nyingi ni ya kuvutwa, yani sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, inachukua picha ndogo halafu programu inaitanua mpaka itimie saizi, ukija kuiweka kwenye TV majani yote yamekuwa uji. Na shida yako wewe umeshaisema mwenyewe, picha inaruka. Hapo 4K haikusaidii kitu, unachotafuta ni kamera inayotuliza picha.

Hero 7 ni nzuri ila muulize huyo jamaa NI IPI, maana zilitoka tatu mwaka 2018: White, Silver na Black. Unayoitaka ni Black, ndo iliyokuja na HyperSmooth, programu yake ya kutuliza picha, unatembea kwenye mawe video inatoka kama imeteleza kwenye reli. Hizo mbili nyingine hazina hiyo kitu, na betri yake imefungiwa ndani huwezi kubadilisha porini. Kuijua ni rahisi, Black ina kioo kidogo mbele pembeni ya lenzi kinachoonyesha chaji na muda, wenzake hawana.

Ukikutana naye usilipe kwanza. Chomoa betri, ikikataa kutoka au inatoka kwa kubana ujue imevimba. Angalia mpira kwenye vile vimlango, hapo ndipo maji yanapoingilia, ukiwa mzima kamera inazama mpaka mita 10 bila kava, ukiwa umechanika hata mvua ya Uluguru usiitoe nje. Kioo cha lenzi kikiwa na mikwaruzo usiogope sana kwenye 7, kinabadilishika, ila tumia hiyo kuteremsha bei. Halafu washa irekodi 4K fremu 60 kwa sekunde mfululizo huku mnapiga stori, yenye matatizo itaganda au itajizima hapo hapo.

Mama_Trekingi
Mnamkimbiza kijana kwenye matumizi jamani. Simu unayo, nunua gimbali ya simu, kile kishikio kinachoituliza isitikisike, chenji inayobaki weka nauli ya Udzungwa. Mbona watu kibao wanarekodi hivyo na chaneli zinakwenda?

FundiLenzi
Dada gimbali kwenye lami sawa. Pale Choma kuna sehemu unapanda kwa mikono miwili, gimbali utaing'ata kwa meno? Na mvua ikianza simu inarudi mfukoni, wakati hapo ndo video inaanza kunoga.

Mama_Trekingi
Hahaha haya nimekuelewa, ila kwa njia rahisi kama Morningside gimbali inatosha, sibadiliki hapo.

Wa_Ngong
Mkenya hapa nawasoma. Kitu hamjamwambia ni sauti. Sisi tukienda Ngong Hills, pale penye mitambo ya umeme wa upepo, mtu anaongea robo saa mkifika nyumbani ni vuuuu tu mwanzo mwisho, maneno hakuna. Hizi kamera ndogo zote upepo unazisumbua. Na hiyo Hero 7 kuiwekea maiki ya nje ni lazima ununue adapta yake spesheli, ni ghali na inaning'inia vibaya. Fanya hivi buda: nunua maiki ya kubana kwenye shati, ya waya, ile ya bei ndogo yenye kofia ya manyoya, chomeka kwa simu, simu iwe mfukoni inarekodi sauti. Ukianza kurekodi piga kofi moja mbele ya kamera, ukikuja kuediti unalinganisha mlio wa kofi na picha ya mikono, basi. Ni kazi kidogo lakini watu watakusikia, na video yenye sauti mbovu watu hutoka haraka kuliko yenye picha mbovu.

Mzururaji_Moro
Duh asanteni sana, nimempigia jamaa anasema ni Black. Maswali mawili. Memori kadi ya ukubwa gani? Na Udzungwa kule ndani ya msitu kuna giza giza, itaona?

FundiLenzi
Msituni itahangaika, sensa yake ndogo. Weka fremu 30 usiweke 60 ili mwanga uingie zaidi, na tembea taratibu, maana kwenye giza hata huko kutuliza picha kunaanza kuacha ukungu ukungu kila ukikanyaga. Ukitoka kwenye uwazi wa maporomoko itapendeza, Sanje inaanguka karibu mita 170 na hizi lenzi ni pana, yote inaingia. Ila wale mbega wekundu juu ya miti watatokea kama sisimizi. Kama nia yako ni wanyama hapo kweli handikamu yenye zumu inakufaa, lakini useme kwaheri kwa mvua.

Kadi chukua GB 64 au 128 yenye alama ya V30, ndo ya kasi ya kuandika video, 4K inakula kama GB 30 kwa saa. Mimi ningerekodi 1080 tu, ile saizi ndogo kuliko 4K, watazamaji wako wengi wanaangalia kwenye simu tena kwa bando la mawazo. Kadi feki zimejaa mjini, inasoma GB 256 kumbe ndani ni 16, ikijaa inaanza kufuta za mwanzo bila kukwambia. Ijaribu kwenye kompyuta na programu ya H2testw kabla ya safari, acha iandike mpaka ijae.

Mama_Trekingi
Na betri za akiba mbili, moja haimalizi mlima. Milima ya baridi zikae mfuko wa ndani wa jaketi, zikipoa zinakata chaji ghafla.

Mzururaji_Moro
Poa sana. Mimi na jamaa tunakutana Jumamosi Msamvu, naenda na kadi yangu. Nitaanzia laki tatu.

FundiLenzi
Anzia mbili na nusu. Na muulize kama chaja ya betri anayo, wengi wanaiuza pembeni.